Usiku wa zilipendwa: mbona kila mtu anakuja na bugaluu?

BintiMagomeni (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Mama yangu anatimiza miaka 75 na sisi watoto tumeamua kumfanyia usiku wa zilipendwa. Ukumbi tumeshalipia, bendi ndogo ya wazee watano imekubali, kadi imeandikwa "mavazi ya enzi". Sasa kwenye kundi la familia kila mmoja anatangaza nguo yake: bugaluu (zile suruali zilizobana paja na kufunguka chini), bugaluu tena, raizoni (viatu vya soli ndefu), wigi ya afro ya dukani. Kaka yangu mkubwa kashonesha bugaluu ya zambarau, miguu yake inaweza kufagia ua mzima.

Juzi nikafungua albamu ya mama. Kuna picha ya 1967, ya studio, nyuma pazia lililochorwa minazi. Mama ana miaka 17, gauni limebana kiunoni halafu likafumuka kama mwavuli, na ukitazama vizuri unaona gagulo, ile sketi ya ndani ya kutanua gauni, limechungulia chini ya pindo. Marehemu mjomba kasimama pembeni yake: suruali nyembamba inaishia juu ya kifundo cha mguu, shati jeupe, tai nyembamba kama kamba ya kiatu. Nimepekua kurasa zote za nyeusi na nyeupe, bugaluu hakuna hata moja. Zinaanza pale picha za rangi zinapoanza.

Na nyimbo alizoomba mama ni za bendi za Cuban Marimba na Western Jazz. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965, bugaluu hajaiona! Swali langu: bugaluu imekuwaje sare ya zamani yote? Na sisi tuvae nini ili mama akiingia ukumbini aione enzi yake, siyo enzi ya wadogo zake?

MzeeWaSaboso

Marahaba kwa wote mtakaonisalimia.

Binti, albamu ya mama yako haisemi uongo. Mimi nimeanza kwenda dansini 1966. Kwenda dansi ilikuwa kuvaa kweli kweli. Suruali mguu inchi 14, ukitaka kuivaa unavua viatu kwanza, ukishaivaa kukaa ni kwa mipango. Shati jeupe limepigwa pasi ya mkaa mpaka kola inakata shingo. Sisi vijana wanne wa Ilala tulikuwa na koti moja la kijivu. Mlangoni hawamruhusu asiye na koti, kwa hiyo wa kwanza anaingia nalo, anakwenda upande wa chooni, analipitisha dirishani, wa pili analivaa. Mlinzi alikuwa anajua. Kuna siku alimwambia wa nne wetu, "Koti hili leo limelipa kiingilio mara nne."

Bugaluu mimi nimeanza kuiona mjini 1970, 1971. Sababu ya kutawala ni umri wa wenye pesa. Aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1975 ndiye mstaafu wa juzi, ndiye anayechangia shughuli, ndiye anayechagua mavazi. Sisi wa suruali nyembamba tumebaki wachache.

FundiCherehani_Moshi

Mzee shikamoo. Naheshimu hoja ya umri lakini mimi nakaa kwenye cherehani na naona kitu kingine.

Mteja akija anataka "nguo ya zamani" ana bajeti ndogo na siku tatu. Bugaluu naitoa kwenye suruali yoyote: nafumua mshono wa nje kuanzia goti, nachomeka pembetatu ya kitambaa, napiga pasi, kwisha. Suti ya 1965 ni kazi nyingine. Koti linataka gamu ya kifuani, bitana, mabega yakae, mkono uingie bila kukunjamana. Hapo ni wiki nzima na kitambaa cha maana. Bugaluu imeshinda kwa sababu ni rahisi kuigiza. Tena inaonekana tangu getini. Suruali nyembamba ya mjomba wako akivaa kijana leo, watu watadhani kavaa suruali yake ya kila siku.

Kipepeo_Tanga

Jibu ni jepesi kuliko yote hayo. Bugaluu ilipigwa marufuku! Operesheni Vijana 1969, vijana wa TANU wakikukuta na bugaluu umekwisha. Kitu kilichokatazwa hakisahauliki. Ndiyo maana tunakivaa.

KalamuYaRisasi

Kipepeo, hapo naomba nikurekebishe. Operesheni Vijana ilitangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU Oktoba 1968, ikaanza rasmi 1 Januari 1969. Walichokataza ni vimini, wigi, dawa za kujichubua, na kwa wanaume suruali za kubana. Za kubana, ndugu yangu. Hiyo suruali ya mjomba wa BintiMagomeni ndiyo iliyokuwa inawindwa.

Kwa hiyo kama marufuku ndiyo inayofanya nguo ikumbukwe, leo tungekuwa tunajaza kumbi kwa suruali za inchi 14. Nadharia yako inakwenda kinyume na ulichokusudia.

Kipepeo_Tanga

Nimekubali tarehe. Sijakubali kushindwa. Zanzibar je?

BibieUnguja

Zanzibar nipo mie. Huku bugaluu ndiyo iliyopigwa vita, mwanzoni mwa miaka ya 70, pamoja na nywele ndefu za vijana na vimini vya wasichana. Ami yangu alikuwa na bugaluu ya buluu aliyoletewa na baharia. Aliivaa ndani ya nyumba tu. Jioni anaivaa, anapanda juu kwenye roshani, anaweka redio, anacheza peke yake, akimaliza anaivua, anaikunja, anaitia chini ya godoro. Mama anasema alikuwa akitamani hata mtu mmoja wa nje amwone nayo.

Kwa hiyo Kipepeo ana nusu ya haki, ila kwa upande wetu wa maji.

BintiMagomeni, ukitaka picha za kulinganisha za kabla ya hapo, Mji Mkongwe ipo Capital Art Studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha zake za mjini zinaonesha watu walivyovaa kwa miongo mingi, na nyingi ni za watu wa kawaida. Tazama mikono ya mashati, tazama viatu, tazama namna mtu alivyofunga kanga juu ya gauni. Kwenye picha za harusi za filamu huvioni hivyo.

Mtoto_wa_Tandika

Weka picha ya mama na mjomba basi, tusijadili kwa kufumba macho.

BintiMagomeni

Mtoto wa Tandika, picha ya mama siweki bila ruhusa yake, na nikimwomba ruhusa siri ya shughuli imevuja. Vumilia.

KalamuYaRisasi umenigusa. Nilimuuliza mama kijanja kuhusu vimini. Akaniambia Oktoba ile ya 1968 alikuwa kituo cha basi Kariakoo na rafiki yake. Vijana wakaanza kupiga kelele, wengine wakamvuta rafiki yake sketi. Mama akavua kitenge alichojifunga kichwani akamfunga mwenzake kiunoni, wakatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Baada ya hapo akaondoa kimoja baada ya kingine kabatini. Kwa hiyo katika familia yetu "mavazi ya enzi" yana jambo zito ndani yake na sikulijua mpaka wiki hii.

NyotaYaUppsala

Naomba niingie kwa kona tofauti. Nipo Sweden, nacheza Lindy Hop mwaka wa sita sasa. Hii ni dansi ya watu weusi wa Harlem, New York, iliyokulia ukumbi wa Savoy uliofunguliwa Machi 1926. Huku kuna kijiji kinaitwa Herräng, kila kiangazi tangu 1982 watu hukusanyika kucheza hiyo dansi wiki kadhaa, na jioni wanavaa nguo za zamani.

Kinachonishangaza ni kwamba ugonjwa wa bugaluu upo na huku. Muziki unaopigwa ni wa 1936, 1938, wa bendi za Chick Webb na Count Basie. Wageni wapya wanakuja na gauni la madoa makubwa na gagulo limesimama, yaani mavazi ya miaka ya 50. Angalieni picha za Savoy za miaka ya 30: sketi inafika chini kidogo ya goti, ina marinda machache ya kufungua hatua, gagulo hakuna. Ukicheza kwa kasi ile gagulo litakufunga miguu. Kwa hiyo fundi wa Moshi nakuunga mkono, umbo linaloonekana kutoka getini ndilo linaloshinda, kokote duniani.

Na jingine. Wacheza wa Savoy waliojulikana zaidi, kina Frankie Manning na Norma Miller, kwenye filamu ya 1941 wanaonekana wamevaa kipishi, kiyaya, na ovaroli. Hayo ni mavazi waliyopewa kuigiza wafanyakazi. Kuna watu huku wanayashona wakidhani ndivyo walivyokwenda dansini. Picha peke yake haitoshi. Uliza nguo ilikuwa ya nani.

Mtoto_wa_Tandika

Dada, uzi unahusu zilipendwa za Dar. Harlem imeingiaje?

KalamuYaRisasi

Imeingia kwa mlango wa mbele. Neno "dansi" lenyewe lilitofautisha mambo haya na ngoma: muziki wa vyombo, wanandoa au wapenzi wanacheza wawili wawili, foksitroti, waltzi, baadaye rumba na chacha. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu miaka ya 30. Wameitwa Jazz wakati wanapiga rumba! Santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilianza kutoka 1933 na zikaenea Afrika, ndiyo maana Morogoro ikazaa bendi yenye jina la Kuba. Watu waliokuwa wakisikia sauti za mbali walivaa pia kwa kutazama mbali.

Ukirudi nyuma zaidi kuna beni, ngoma za kuiga bendi za jeshi, na vikundi kama Marini na Arinoti, mashindano ya Lamu, Mombasa, Tanga mpaka Dar. Hao walivaa kama maofisa wa jeshi, na vyeo na nishani za kujitengenezea. Kama familia ya BintiMagomeni ingetaka "enzi" ya kweli kweli, babu yake angeingia ukumbini na kofia ya admirali.

NyotaYaUppsala

Ahsante Kalamu. Naongeza sababu nyingine ya kuleta Harlem, nayo ni aliyosema Binti kuhusu kituo cha basi.

Wakati wa vita Marekani ilibana matumizi ya sufu, 1942. Vijana weusi na wa asili ya Mexico walikuwa wanavaa suti zile za zoot, koti linafika magotini, suruali pana pajani na imekazwa mguuni. Juni 1943 mjini Los Angeles mabaharia waliwavamia mitaani, wakawavua suti, wakazichana. Leo suti ya zoot inauzwa kama nguo ya sherehe. Mimi nikimwona mtu kaivaa namwambia hiyo hadithi. Wengine wanashukuru, wengine wanaona nimewaharibia jioni. Nitaendelea kuwaambia.

Mwanakwetu_Eastlands

Salamu kutoka Nairobi. Nyote mmesahau mitumba.

Mimi nauza mavazi ya zamani, natafuta soko la Gikomba alfajiri wakati marobota yanakatwa. Nikwambieni kinachotoka: bugaluu za miaka ya 70 za Ulaya, mashati ya kola ndefu ya poliesta, magauni ya krimplini. Kitambaa hicho hakifi. Ukikifua, ukikianika, kinarudi vilevile. Gauni la pamba la 1962 lilivaliwa likaisha, likawa matambara ya kupangusia. Tunadhani zamani yote ilikuwa poliesta kwa sababu poliesta ndiyo iliyobaki.

Halafu twist! Kina Daudi Kabaka na Fadhili William wa bendi ya Equator Sound, katikati ya miaka ya 60, suruali zilikuwa nyembamba hivyo hivyo. Twist huwezi kuicheza na bugaluu ukaonekana magoti yanavyopinda.

MzeeWaSaboso

Mwanakwetu, hapo kwenye twist umenirudisha mbali. Ni kweli kabisa. Magoti ndiyo yaliyokuwa yanatazamwa.

Ila mitumba kwetu Bara iliruhusiwa katikati ya miaka ya 80. Bugaluu zetu za 1973 zilishonwa na mafundi wa mtaani kwa vitambaa vya dukani, tetroni na terilini. Mitumba haikutuletea bugaluu.

Mwanakwetu_Eastlands

Sijasema iliwaletea wakati ule, mzee wangu. Nasema ndiyo inayowavisha sasa. Anayetafuta nguo ya zamani sokoni anachokutana nacho ndicho anachoamini.

KijanaWaLubumbashi

Jambo wandugu. Kwetu Kongo mambo ni mengine. Mobutu alikataza suti na tai, ikaja abakosti, koti la kola fupi lisilo na tai. Tai zimerudi 1990. Kwa hiyo picha za baba yangu za miaka ya 70, aliyekuwa kazini mgodini, ni abakosti mchana. Lakini ana picha moja ya usiku, 1974, mwaka James Brown alipokuja Kinshasa kwenye tamasha la Septemba kabla ya pambano la Ali na Foreman. Hapo kavaa suruali pana na kiatu kirefu. Mtu mmoja, mwaka mmoja, nguo mbili. Ukiniuliza "enzi" ilivaa nini nitakuuliza saa ngapi.

Na hao wa La Sape, wapenda mavazi ya kifahari, kina mwanamuziki Papa Wemba, walirudisha suti kali wakati abakosti bado ni sheria. Kwetu anayevaa suti ya zamani kwenye sherehe anakumbuka ubishi huo.

FundiViatu_Mwanza

Wenye raizoni za urithi nisikilizeni kabla hamjaaibika.

Kiatu kikikaa sandukuni miaka 40 kwa juu kinaonekana kipya. Tatizo ni soli. Nyingi zilimwagwa kwa povu la poliurethani, na hilo linaliwa na unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa. Likibonyezwa linabaki na alama, likipigwa chini linapasuka kama mkate mkavu. Bonyeza kwa dole gumba. Likiingia kama sabuni iliyolowa, usilivae. Leta kwa fundi akate soli mpya ya mpira mgumu au kizibo, abandike, ashone na pembeni.

Mwaka juzi mzee mmoja alikuja kwangu na raizoni mkononi, kapasukiwa katikati ya rumba kwenye harusi ya mwanawe. Aliendelea kucheza kwa kiatu kimoja kirefu mpaka wimbo ukaisha kwa sababu hakutaka kumwachia mkewe mkono. Nilimtengenezea bure.

Kipepeo_Tanga

Fundi Mwanza, Mungu akuzidishie.

Swali la pembeni: kwa nini raizoni ziliitwa raizoni? Baba aliniambia linatoka kwenye Kiingereza cha kuinuka, maana zinakuinua.

Mwanakwetu_Eastlands

Mimi niliambiwa lilikuwa jina lililoandikwa ndani ya kiatu.

BibieUnguja

Na bugaluu je? Ami alisema ni jina la dansi ya Wamarekani.

KalamuYaRisasi

Bugaluu ilikuwa dansi na muziki wa New York, watu wa asili ya Puerto Rico na weusi, katikati ya miaka ya 60. Kwamba jina la dansi liligeuka jina la suruali, naona ina mantiki. Raizoni siwezi kusema.

Mtoto_wa_Tandika

Na pekosi? Baba anasema pekosi na bugaluu ni kitu kimoja.

MzeeWaSaboso

Hapana! Mtaani kwetu pekosi ni pana kuanzia juu mpaka chini, imeshuka moja kwa moja. Bugaluu imebana paja, inafunguka kwenye goti. Baba yako alikuwa anavaa ipi?

Mtoto_wa_Tandika

Anasema zote mbili, na anasema wewe umezigeuza.

MzeeWaSaboso

Mlete hapa.

DadaWaMsusi

Naomba niseme la nywele maana hakuna aliyeligusa.

Wigi za afro za dukani zile za nailoni, zinazong'aa kama kamba ya kuogea, naomba tuziache. Afro ilikuwa nywele za watu. Mjomba wangu aliikuza miezi, akaichonga kila asubuhi kwa kitana alichojitengenezea kwa spoki za baiskeli na kipande cha mbao. Mtu mwenye nywele za kipilipili zilizoambiwa miaka yote kuwa ni mbaya aliamua kuziacha zisimame. Leo tunaivaa kama kofia ya kuchekesha, tunaivua kabla ya chakula.

Kama una nywele zako, zichambue, zitie mafuta, zipulize. Kama umeshazikata, kaa hivyo hivyo. Na kwa dada yetu mwenye shughuli: mwaka 1967 mama yako na wenzake wengi walisuka kwa uzi au walichoma kwa kitana cha moto. Mwulize alikuwa upande upi.

Kipepeo_Tanga

Kaka yake Binti mwenye bugaluu ya zambarau kashasoma hii?

BintiMagomeni

Nimemtumia. Kasema wigi anaacha, bugaluu haachi.

Fundi wa Moshi, naomba msaada wa gauni. Mpwa wangu wa miaka 19 ana umbo la mama kabisa, nataka avae lile la kwenye picha. Nimelikuta lenyewe kwenye sanduku la bati, lina harufu ya nafthalini, kwapani limechanika.

FundiCherehani_Moshi

Usimvishe hilo lenyewe. Uzi wa miaka 60 hauna nguvu, akiinua mkono kucheza mgongo wote utafuata. Tutashona pacha lake.

Kwanza ligeuze ndani nje kwenye mwanga wa dirisha. Hesabu mishono ya sketi. Nakisia utakuta minne, kwa sababu vitambaa vingi vya zamani vilikuwa na upana wa inchi 36, sketi ya solo, ile ya duara zima, haitoki kwenye kipande kimoja. Leo kitambaa cha inchi 60 kinatoa solo nzima, kiuno 26 urefu 25, bila kiungio. Lakini usikate hivyo. Kata vipande vinne na uviunge, ndipo sketi itaanguka kama ya mama. Viungio vinaipa mifereji.

Pindo pia tazama. Wakati ule waliacha inchi tatu au nne ndani ili gauni lishushwe msichana akirefuka.

Gagulo tumia neti ngumu tabaka mbili, mpira kiunoni, chini ya neti weka shimizi ya pamba isimchune miguu.

NyotaYaUppsala

Na awe na kaptura ndani, atazunguka huyo. Viatu soli ya ngozi. Soli ya mpira inashika sakafu na goti ndilo linalolipa.

BintiMagomeni

Mishono minne! Na pindo inchi tatu na nusu! Fundi, nakutafuta kwa ujumbe wa pembeni.

*(wiki tano baadaye)*

BintiMagomeni

Wakuu, shughuli imepita. Ahsanteni nyote. Nawaletea habari maana mlinisaidia kama ndugu.

Mpwa aliingia na gauni pacha wakati bendi inapiga wimbo wa pili. Mama alikuwa amekaa. Akasimama mwenyewe, bila fimbo, akamwendea, akamshika kiunoni kwa mikono miwili kama anapima. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akainama, akafunua pindo, akagusa neti, akasema, "Hii sivyo. Gagulo letu lilikuwa la kitambaa cha marekani, ile pamba nyeupe, tunalitia wanga wa muhogo, tunalianika juu ya kapu likauke limetanuka." Fundi wa Moshi, pole, lakini hilo limetoka kwa mwenyewe.

Sasa la pili, na hili litamuumiza MzeeWaSaboso. Nilikuwa nimekuza ile picha ya 1967 na kuiweka mlangoni. Mama akaitazama akacheka. Tai ya mjomba ilikuwa ya studio. Na viatu. Mpiga picha alikuwa na tai tatu kwenye msumari, kila kijana anavaa mojawapo, ndiyo maana kwenye albamu yetu wanaume wanne tofauti wana tai ileile. Nimekwenda kuangalia, ni kweli, ina doa dogo palepale! Nimeitazama albamu hiyo maisha yangu yote na sikuliona.

Na bugaluu? Mama anasema alikuwa na yake, ya kijani, 1973, aliishona mwenyewe, na ndiyo nguo aliyoipenda kuliko zote alizowahi kuvaa. Akacheza nyimbo tatu na kaka wa zambarau.

MzeeWaSaboso

Hainiumizi, binti. Koti letu sisi wanne lilikuwa la kuazima na lilikuwa letu. Tai ya msumarini ni hivyo hivyo. Alichotaka mjomba wako kionekane ndicho kilichoonekana.

Kipepeo_Tanga

Lakini basi hujajua watu walivaa nini siku za kawaida. Umejua walichovaa studio.

KalamuYaRisasi

Na mama mwenyewe anapenda bugaluu. Kwa hiyo hoja ya mzee ya umri imetoboka: huyu ni wa 1950 na bado kachagua ya 1973.

MzeeWaSaboso

Mtu mmoja hatoboi hoja.

BibieUnguja

Bibie wa kijani na ami yangu wa buluu wangekutana.

FundiCherehani_Moshi

Pole nimeipokea, ni heshima kurekebishwa na mama. Naomba umwulize jambo moja: wanga wa muhogo aliuchemsha mzito kiasi gani kwa ndoo ya maji, na gagulo alilipiga pasi likiwa bichi au limeshakauka? Nina oda mbili za Desemba na sitaki tena kutumia neti.

BintiMagomeni

Kalala sasa hivi. Kesho asubuhi namwuliza.